Nyumba Namba Saba ya Kwemtindi

Bismillahi. Sogeeni karibu. Mwenye kikombe cha chai aje nacho, asiye nacho asinune. Leo sileti habari za sungura na fisi. Naleta fumbo la watu watatu ninaowajua kwa sura, na nyumba moja. Mimi shule niliiacha darasa la saba, kwa hiyo nikilikosea neno la kompyuta mnivumilie. Ila ukweli nitausema wote, hata ule unaonichoma mwenyewe.

Kampuni ya Chai ya Kwemtindi iko juu huku Usambara, mashamba matano na kiwanda kimoja. Ilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji alichojaliwa na Mola.

Wa kwanza ni Hosiana Mntangi, karani wa stoo. Kipaji chake ni kukaa na mtu. Akikaa nawe nusu saa, utamwambia hata ulichomficha mkeo, na hutajua alikuuliza saa ngapi.

Wa pili ni Idrissa Shekivuli, fundi wa kompyuta. Kipaji chake ni kutoamini. Ukimwambia kitu ni kizima, anakitikisa. Ukimwambia kimetikiswa, anauliza kimetikiswa na nani.

Wa tatu ni Zahara Shemdoe, tunamwita Mama Nuhu, mpanga zamu wa kiwanda. Kipaji chake ni wakati. Anajua jani litakuwa tayari lini, mvua itakata lini, na nani ataomba ruhusa ya msiba kabla msiba haujatangazwa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamsha programu nyingine zote. Wa kwetu ulikuwa umezeeka. Walioutengeneza wakatangaza kwamba ukifika mwezi wa kumi hawatautolea tena kinga ya virusi. Ikabidi kompyuta zote za kampuni, mashambani na kiwandani, zibadilishwe, zije nyingine zenye mfumo mpya.

Miaka mitatu nyuma tulishajaribu, tukaanguka. Kiwanda kilisimama siku mbili, majani yakachacha kwenye magunia, na wachumaji kumi na wanne wakaachishwa kazi. Kwa hiyo meneja wetu, Bwana Lukindo, aliwaita wale watatu, na mimi nikaitwa kama mwakilishi wa wafanyakazi.

"Makao makuu wamesema wazi," akaanza. "Tukisimama tena, wanafunga kiwanda, majani yatateremshwa kiwanda cha bondeni. Watu mia mbili watarudi kwao. Sitaki kusimama hata saa moja."

Idrissa alikuwa anaitazama kompyuta ya meneja kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Na atakayekuwa sababu ya sisi kufanikiwa," meneja akasema, "nyumba namba saba ni yake, muda wote atakaokuwa mfanyakazi wa hapa."

Hapo vichwa vyote vitatu vikainuka. Nyumba namba saba iko juu ya zahanati, ina bomba ndani na vyumba viwili. Hosiana anavuka bonde saa mbili kwa miguu kila asubuhi, na goti lake moja limeshaanza kukataa. Idrissa analala nyuma ya karakana, na baba wa mchumba wake amemwambia hatoi binti kwa mtu asiye na mlango wake. Mama Nuhu ana watoto wanne katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa kanga.

Hosiana ndiye aliyeanza, maana mpango wowote huanza kwa kujua una nini. Daftari la makao makuu lilisema tuna kompyuta hamsini na mbili. Yeye hakuliamini. Akavaa mabuti akaanza kuzunguka mashamba yote matano.

Hapa lazima mjue desturi yetu mbaya. Kwemtindi, kuhesabiwa ni kunyang'anywa. Watu wa makao makuu walikuja wakahesabu viti, mwezi uliofuata viti vikapanda gari kwenda makao makuu. Wakahesabu makabati, makabati yakafuata. Basi kila tukisikia watu wa hesabu wanakuja, kila mmoja anaficha chake. Kompyuta inawekwa darini, inawekwa kwa jirani, inavikwa kitambaa cha meza juu yake panawekwa maua.

Akafika kwangu mzani wa pili, ninapopokea majani.

"Shikamoo, Mzee Kaoneka."

"Marahaba. Hapa hakuna kompyuta, mwanangu. Kuna mzani na mimi."

"Hata sijauliza, baba."

Akakaa juu ya benchi. Akaniuliza habari za mguu wangu, za mjukuu wangu, za mahindi. Mimi nazungumza, jicho moja liko konani, kwa sababu palikuwa na gunia na gunia lile lilikuwa na waya.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "siku hizi magunia yanakula umeme?"

Nikacheka, kisha nikalivuta gunia, kompyuta ikaonekana. Astaghfirullah. Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa ikipeleka uzito wa majani kiwandani, nusu ya majani ya kampuni nzima. Na miaka mitatu nyuma niliificha vilevile. Haikuingia kwenye hesabu, haikuingia kwenye mpango, na zile nyingine zilipobadilishwa, kiwanda hakikuweza tena kusoma kilichotoka kwangu. Ndiyo maana tulisimama. Wale wachumaji kumi na wanne, nusu yao naswali nao safu moja. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote mitatu. Siku ile nilimwambia Hosiana yote.

Hakunikemea. Alisema, "Sihesabu ili nichukue, Mzee Kaoneka. Nahesabu ili safari hii kompyuta yako isiachwe nyuma." Akaandika: *Mzani wa pili, moja, inafanya kazi.* Jina langu hakuliandika. Alipomaliza mashamba yote, kompyuta zilikuwa sitini na tatu. Kumi na moja zilikuwa mafichoni.

Idrissa naye akaanza pale Hosiana alipoishia. Alichukua kompyuta moja ya akiba, akaiwekea mfumo mpya, akaileta kwangu na kuiunganisha na mzani. Ilikuwa tarehe kumi na tatu ya mwezi wa saba. Kila siku anapima gunia la majani mara arobaini, anatuma kiwandani, anapiga simu kuuliza, "Limefika? Uzito gani? Tarehe gani?" Kila siku jibu ni moja, limefika salama.

Baada ya wiki mbili meneja akachoka. Akampigia simu nikiwa palepale.

"Idrissa, umeshapima mlima mzima. Tia sahihi tuendelee."

"Bado, bosi."

"Bado nini? Kuna kosa umeliona?"

"Sijaliona, ndiyo maana bado. Mwezi una siku thelathini na moja, mimi nimeona nusu."

Nilimtania. Nikamwambia, "Kijana, wewe ukifa utaomba kaburi lijaribiwe kwanza." Akanijibu, "Tena mara arobaini, mzee."

Ikafika tarehe moja ya mwezi wa nane. Akapima gunia la kwanza, akatuma. Kiwandani wakalikataa. Akatuma la pili, likakataliwa. Kumbe mfumo mpya ulikuwa unageuza siku na mwezi. Tarehe moja ya mwezi wa nane kiwanda kiliisoma kuwa tarehe nane ya mwezi wa kwanza, kikaona majani yale yana miezi saba, kikayatupa nje. Kuanzia tarehe kumi na tatu kwenda mbele kosa halionekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu na kiwanda huisoma tarehe sawasawa, ila siku za mwanzo wa mwezi lingetumaliza. Akalirekebisha, akapima siku kumi na mbili nyingine, ndipo akatia sahihi.

Mama Nuhu kazi yake ilikuwa ratiba. Bwana Lukindo alishaamua kwamba kompyuta zote sitini na tatu zibadilishwe Jumamosi moja, mwisho wa mwezi wa tisa, tumalize tupumue. Akamletea karatasi atie sahihi kama mpanga zamu, mimi nikiwepo kama mwakilishi. Mama Nuhu aliisoma, akairudisha mezani.

"Sitii sahihi, baba."

"Sikukuuliza kama unataka."

"Jumamosi hiyo jani linakuja kwa wingi. Jani likichumwa haliweki miadi na mtu. Na kubadilisha zote kwa siku moja ni kama kuvua nguo zote sokoni ndipo uanze kutafuta ulikoweka nyingine."

"Mama Nuhu! Hii ni amri."

"Basi iandike kwa jina lako peke yako, ili tukisimama watu mia mbili wajue wa kumshukuru."

Mimi nilitazama sakafu. Bwana Lukindo akaivuta karatasi kwake, akaisoma upya. Mwisho akauliza, "Wewe ungefanyaje?"

Akamwambia. Kila Alhamisi kiwanda husafisha majiko ya kukaushia, na siku hiyo majani hayapokelewi. Zitumike Alhamisi hizo tu. Waanze na stoo, kisha ofisi, kisha mashamba mawili mawili, mizani iwe ya mwisho kabisa. Na kila kompyuta mpya ikiwashwa, ya zamani ikae pembeni yake nzima kwa wiki mbili, ili ikishindikana turudi tulikotoka bila kuuliza mtu njia.

Wakafanya hivyo. Alhamisi ya tatu, katikati ya kazi, umeme ukakatika kwa radi. Kompyuta nne mpya zilizokuwa zinawekwa zikafa palepale, hazikuwaka tena. Watu wakashika vichwa. Mama Nuhu akasema, "Washeni za zamani." Zikawashwa. Ijumaa asubuhi majani yakapokelewa kama kawaida. Radi ile ingetukuta Jumamosi ya meneja, za zamani zimeshaondolewa, zingekufa zote sitini na tatu na magunia yako mlangoni.

Mwezi wa kumi ulipoingia, kazi ilikuwa imekwisha. Kiwanda hakikusimama hata saa moja. Alhamdulillahi.

Ndipo likaja la nyumba. Kwa kanuni zetu, meneja ndiye anayetoa nyumba lakini jina huandikwa na mwakilishi wa wafanyakazi. Nikawaita watatu wale kantini, nikiwa na matumaini ya kijinga kwamba wataachiana wenyewe.

"Mimi siombi," Hosiana akasema. "Ila usichokihesabu huwezi kukijaribu wala kukipangia siku. Bila mimi mngebadilisha vizuri sana kompyuta hamsini na mbili, na mngeanguka palepale mlipoanguka zamani."

"Ungehesabu, dada, halafu?" Idrissa akadakia. "Ungekuwa na orodha nzuri ya vitu vinavyokataa majani. Kosa lile lilikuwa la kila kompyuta ya mzani, iliyofichwa na isiyofichwa."

Mama Nuhu akaweka kikombe chini. "Na radi je? Radi ilisoma orodha? Radi ilijaribiwa mara arobaini?"

Nikasema labda waishi wawili, nyumba ina vyumba viwili. Mama Nuhu akaniangalia. "Mzee Kaoneka, nigawane jiko na Idrissa, anayechemsha viazi bila chumvi?" Tukacheka wote wanne, lakini hakuna aliyerudi nyuma. Na siwalaumu. Walifanya kazi ya haki, na haja zao ni za haki.

Nikarudi nyumbani na karatasi ile, na nafsi ikaanza kunisema. Nikimwandika Hosiana, je, nimempa kwa kuwa anastahili au kwa kuwa alinisitiri? Nikimnyima, je, ni uadilifu au ni hofu yangu ya kuonekana namlipa? Mtu mwenye doa kama langu hafai kuamua. Asubuhi nikaenda kwa Bwana Lukindo, nikamweleza habari ya gunia, ya miaka mitatu, ya wale kumi na wanne. Nikamwomba anitoe kwenye jambo hili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Barua ya onyo utaipata leo," akasema. "Na wale kumi na wanne utawafuata mmoja mmoja uwaambie kwa mdomo wako. Nafasi zikipatikana nitaanza na wao. Lakini karatasi hii utaijaza wewe, Mzee Kaoneka. Wote watatu uliwaona wakifanya kazi. Mimi nilikuwa ofisini nikitoa amri za Jumamosi."

Nimeshawafuata kumi na mmoja. Wawili walinisamehe papo hapo, mmoja alinifungia mlango, wengine wanafikiri, na wana haki ya kufikiri. Watatu wamehamia mbali, nitawafuata inshallah.

Karatasi inatakiwa Jumatatu. Ina mstari mmoja tu wa jina, na nyumba ina ufunguo mmoja. Hosiana alizipata zilizofichwa, na bila yeye tungeacha nusu ya majani nje ya mpango. Idrissa alikataa kuamini, na bila yeye majani yangetupwa yakiwa mabichi. Mama Nuhu aliikataa amri, na bila yeye radi moja ingetufunga milango. Nimeswali, nimeomba, na bado kalamu iko juu ya mstari haijashuka.

Nyinyi mliosikiliza hamna deni na yeyote kati yao, na hakuna aliyewasitiri. Basi semeni, mkubwa aseme na mdogo aseme: ungekuwa wewe ndiye uliyeshika kalamu hii, ungeandika jina la nani?