Kiriba cha Nne

Imesimuliwa na waliotutangulia katika wema kwamba palikuwa na mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba binti Mas'ud, aliyetoka na baba yake mzee kwenda kuhiji. Mzee Mas'ud alikuwa amemwomba Mola wake jambo moja kwa miaka arobaini, nalo ni kuiona Al-Kaaba kabla ya kufa. Walipofika katikati ya jangwa homa ikamshika. Msafara ulimngoja siku moja, kisha ukaomba radhi na kuondoka, ukawaachia ngamia wao, viriba vinne vya ngozi vyenye maji na dua nyingi. Dua haziishi, lakini maji huisha.

Siku ya pili Lubaba akaona mahema meusi bondeni. Aliyajua kwa sifa. Mjini kwao watu walionya kwamba mgeni akifika tu kwenye mahema yale, wenyeji huanza kwa kumchukulia viriba vyake vya maji. Na kutoka pale hadi kisima kingine ni mwendo wa siku nne, mwendo ambao mtu asiye na maji haumalizi. Lakini baba yake alikuwa hawezi tena hata kukaa juu ya ngamia, na mfa maji haachi kutapatapa, hata akiwa jangwani. Akashuka bondeni.

Kabla ya kufika alikitoa kiriba kimoja, kile kilichojaa zaidi, akakificha chini ya tandiko alilolalia baba yake. Mzee akauliza anafanya nini.

"Baba, tumefundishwa tumfunge ngamia, kisha tumtegemee Mungu."

"Mfunge, mwanangu," akasema mzee, "ila usimfunge miguu yote minne."

Walipokewa na bibi mmoja mkongwe aitwaye Ghuzayya, mjane aliyekuwa mkubwa wa mahema yale. Aliitikia salamu kwa ukamilifu wake, akaagiza mgonjwa alazwe kivulini na apewe maziwa. Lubaba akamtandikia baba yake mwenyewe, kiriba kikiwa bado chini ya tandiko. Kisha, bila kuuliza wala kueleza, wanawake wawili wakavichukua viriba vitatu. Lubaba akaona kwa macho yake maji yake yakimiminwa kwenye birika la mbuzi. Akauma midomo. Alisema moyoni kwamba watu wa mjini hawakuongopa, akakaa karibu na lile tandiko asibanduke.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Mzee alinyweshwa mchuzi na dawa za majani, na homa ikaanza kushuka. Kila swala Lubaba alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa maziwa na mchuzi, na kila akitoa salamu macho yake yalitafuta viriba. Havikuonekana. Aliona haya kuuliza, na aliogopa pia. Tusimcheke. Wangapi kati yetu husema tumemtegemea Mungu, na mkono haujatoka kwenye komeo la mlango?

Sisi kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wao siku ya tatu, baada ya Alfajiri, walimrudishia Lubaba viriba vyake. Vilikuwa vimeshonwa upya kila mshono, vimepakwa samli vikalainika, vimejazwa maji matamu ya kisima chao. Lubaba akavipapasa kimoja kimoja. Machozi yakamtoka.

Bibi Ghuzayya akamweleza kwamba zamani waliwazika wasafiri wengi katika njia ile ya siku nne. Kila mara walikuta kiriba kilichopasuka kando ya maiti. Ndipo wakaapa kwamba mgeni wao hataondoka na kiriba wasichokikagua kwa mikono yao. Mwanzoni waliomba ruhusa, lakini mtu akiambiwa kiriba chake kibovu hukasirika kama aliyeambiwa mwanawe mbaya. Na kwa desturi yao, wema ukitangazwa kabla ya kutendwa umekwisha kuuzwa. Basi wakawa wanachukua na kunyamaza, na wageni wengine wakavinyakua viriba vyao wakakimbia, wakaenda kusimulia nusu waliyoiona.

Lubaba akainamisha kichwa. Angeweza kushukuru na kwenda zake, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona ni vibaya kuibeba dhana mbaya mpaka kwenye Nyumba ya Mola wake. Akakivuta kiriba cha nne kutoka chini ya tandiko, nacho kilikuwa kimelegea, na mshono wake ukitoa matone.

"Mama, hiki nilikuficha," akasema. "Nilikudhania vibaya, nawe umemnywesha baba yangu. Nisamehe."

Mzee Mas'ud akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Akasema kwamba ubavu wake umelowa tangu jana, na alinyamaza akingoja binti yake aseme mwenyewe.

Bibi Ghuzayya alikipokea kiriba, akaupitisha mshono vidoleni mwake.

"Hukutukosea, binti yangu. Ulituachia vitatu ukabakiza kimoja. Wanaobakiza vyote vinne, hao huwa tunawakuta njiani." Kisha akaagiza waletewe maziwa. "Basi mtakaa siku ya nne, kwa ajili ya kiriba cha nne."

Wakakaa. Na maji ya mwisho aliyokunywa Mzee Mas'ud katika njia ile, kisima kikiwa kimekwisha kuonekana, yalitoka katika kiriba hicho. Aliiona Al-Kaaba kwa macho yake, akalia mpaka watu wakamwonea huruma, na dua ya kwanza aliyoomba pale ilikuwa kwa wenye mahema meusi.

Lubaba aliporudi mjini kwao alikaa langoni na shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, pamoja na uzi na samli, akiwashonea wasafiri viriba vyao. Siku moja akaja mwanamke mgeni, akamkabidhi viwili kwa shingo upande. Chini ya shela yake kulikuwa na cha tatu, na matone yalikuwa yakidondoka mchangani nyuma ya kisigino chake. Lubaba aliyaona. Alivishona vile viwili, akamrudishia, kisha akatunga uzi mpya kwenye shazia na kuiacha juu ya mkeka.

"Mimi nipo hapa mpaka Magharibi," akamwambia.

Yule mwanamke akaenda hatua kumi, akasimama, akarudi.

Ndugu zangu, tahadhari si dhambi, na Mola wetu hakutuamrisha tuwe wajinga. Lakini tumshukuru kwa waja wake tusiowajua, wanaotuombea na kutushonea, nasi tukiwatazama kwa jicho la pembeni. Kila mmoja wetu anacho kiriba alichokificha. Mwenyezi Mungu atujaalie tukitoe kabla njia haijawa ndefu.