Digidigi na Chumvi Iliyopanda na Kushuka

Paukwa!

— Pakawa!

Bei ikapaa!

— Moyo ukazubaa!

Bei ikashuka!

— Moyo ukaruka!

Haya, sogeeni motoni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikianza sisimami.

Hapo kale, kale sana, wakati wanyama walikuwa bado wanauziana vitu badala ya kutafunana, palikuwa na soko la chumvi katikati ya mbuga. Chumvi ilitoka mbali, ikaletwa na misafara ya pundamilia. Misafara ikichelewa, bei ilipanda. Misafara ikifika kwa wingi, bei ilishuka. Na juu ya kichuguu kirefu alikaa Hondohondo, ndege mwenye mdomo kama shoka na sauti kama ngoma. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutangaza bei. Fedha hazikuwapo siku hizo. Chumvi ilinunuliwa kwa mtama, na aliyeuza chumvi alilipwa mtama.

Katika mbuga hiyo aliishi Digidigi na mkewe, Mama Tunu. Mnamjua digidigi? Kaswala kadogo, miguu kama njiti, macho makubwa, pua haitulii. Jani likianguka, karuka. Kivuli kikipita, karuka. Akipiga chafya mwenyewe, karuka. Mkewe alikuwa mja mzito, jina la mtoto, Tunu, limeshachaguliwa, kiangazi kilikuwa kinakuja, na ghala lao la mtama lilikuwa nusu.

Digidigi akasema, "Mama Tunu, nusu ghala haitatufikisha kwenye mvua. Nitachukua mfuko mmoja nikanunue chumvi ikiwa rahisi, niiuze ikiwa ghali, nirudi na mifuko miwili."

Mama Tunu akasema, "Nenda, Baba Tunu. Lakini usirukeruke."

Akaenda, tiki-tiki-tiki, akafika sokoni. Hondohondo akapiga kelele, "Kibaba cha chumvi, vibaba vitatu vya mtama!" Digidigi akanunua, akakaa kwenye nyasi na chumvi yake.

Kesho yake Hondohondo akatangaza, "Vibaba vinne!" Siku iliyofuata, "Vibaba vitano!" Digidigi akajiona tajiri. Akanyanyuka auze. Mara Fisi akapita, tumbo mbele, mchanga wa chumvi mdomoni.

"Unauza? Wewe una akili kweli? Kesho vibaba kumi! Mimi siuzi hata punje."

Digidigi akaketi tena. Tamaa ikamshika, akaanza kuota maghala manne yenye vifuniko. Kulipokucha Hondohondo akasema, "Vibaba vinne!" Digidigi akasema, itarudi. Hondohondo akasema, "Vibaba vitatu!" Akasema, itarudi. Hondohondo akasema, "Vibaba viwili!"

Looo! Moyo ukampanda kooni. Akatoa mluzi kwa pua, fiii! Akaruka, akamwaga chumvi yote mbele ya mchuuzi wa kwanza. "Chukua! Chukua yote, kabla haijawa bure!"

Akapokea mtama wake pungufu, akageuka kwenda nyumbani. Hajavuka hata kijito, akasikia nyuma yake, "Vibaba vinne!"

Digidigi akasimama, mguu mmoja hewani. Akasema:

"Nikiishika inashuka,
nikiiachia inapanda.
Nani ananitazama mimi?
Sielewi, jamani, sielewi!"

Nyumbani alimwambia mkewe, "Soko la safari hii lilikuwa baya kidogo." Hakusema zaidi.

Akarudi mara ya pili. Akakuta vumbi, kelele, wanyama wanakanyagana. "Vibaba sita!" anapiga kelele Hondohondo. "Vibaba saba!" Kila mtu ananunua. Digidigi akajiuliza, wenzangu wanajua nini nisichokijua mimi? Akaona hofu, si ya kupoteza, bali ya kuachwa. Akajitupa katikati ya miguu ya nyati, akanunua kwa vibaba vinane.

Siku ileile, kabla jua halijainama, misafara miwili ikaingia. Bei ikaporomoka kama jiwe mlimani. Saba, tano, tatu! Pua ikapiga mluzi, fiii! Akauza. Na alipokwisha kuuza, ikapanda.

"Nikiishika inashuka,
nikiiachia inapanda.
Nani ananitazama mimi?
Sielewi, jamani, sielewi!"

Sasa sikilizeni mnyama anavyoweza kuchanganyikiwa. Digidigi alikaa chini ya kichaka, akawaza, akawaza, akawaza. Akajiambia, haiwezekani hii ikawa bahati tu. Soko linanijua. Huyu Hondohondo ananiona nikija, anamkonyeza mtu, bei inageuka. Basi nitaenda nisijulikane. Na nitalilazimisha soko linirudishie changu.

Hasira, wajukuu zangu, ni kali kuliko njaa. Mama Tunu alipokwenda kutafuta majani machanga, Digidigi alifungua ghala. Akachota, akachota, akachota, hadi likabaki vumbi. Akajipaka tope mwili mzima, akajifunga mkia wa nyumbu nyuma, akajichomeka majani masikioni. Ukimtazama hujui ni mnyama au ni kichaka kinachotembea.

Akaingia sokoni kinyumenyume. Akanunua kwa kunong'ona.

"Unasemaje?" mchuuzi akauliza.

"Chumvi," akanong'ona Digidigi. "Ya mtama wote huu. Usimwambie mtu."

Akajificha nyuma ya kichuguu, akajibanza, akazuia pumzi. Hondohondo akatanua mbawa. "Vibaba vitatu!" Ndivyo alivyonunulia. Halafu, "Vibaba viwili!" Digidigi akakataa kuuza. Akasema, safari hii mimi ni kichaka, haliwezi kunijua. Halafu, "Kibaba kimoja! Misafara mitano imeonekana! Kibaba kimoja kwa kimoja!"

Majani yakamdondoka masikioni. Akauza akilia, mtama uliorudi haukujaa hata kapu. Ndipo alipopanda kichuguu, tope linamdondoka, mkia wa nyumbu umepinda, akamkabili Hondohondo.

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

Hondohondo akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili. "Nakufanyia nini?"

"Nikinunua unashusha! Nikiuza unapandisha! Hata nilipojipaka tope umenitambua!"

"Samahani, ndugu," akasema Hondohondo. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Digidigi!"

"Sijapata kukuona. Hapo chini wako wengi sana, na mimi natazama barabara ya misafara. Ikija mingi nasema chini, ikija michache nasema juu. Kumbe na wewe hununua hapa?"

Digidigi akapangusa tope machoni. Angetukanwa, angeelewa. Angechekwa, angeelewa. Lakini kumbe hakuna aliyekuwa akimtazama! Basi ni nani aliyekuwa akimkimbiza siku zote hizi? Akashuka kichuguu polepole, kichwa kinamzunguka kama aliyekula tunguja, lile tunda lenye sumu.

Nyumbani alimkuta Mama Tunu amesimama mlangoni mwa ghala. Hakuwa analia. Hakuwa anafoka. Ilikuwa mbaya zaidi ya hapo.

"Baba Tunu, mtama uko wapi?"

"Mke wangu..."

"Nimeuliza mtama uko wapi. Na huo mkia ni wa nani?"

Digidigi akapiga magoti. Akaeleza yote, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alipofika kwenye kujigeuza kichaka, Mama Tunu akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha akajipangusa machozi.

"Nina mimba, na wewe umechukua chakula chetu bila kuniambia. Hilo limeniuma kuliko mtama wenyewe."

"Najua."

"Sasa nijibu. Siku ulizokwenda sokoni, ulipotoka mlangoni hapa, ulikuwa umeamua utauza kwa vibaba vingapi?"

"Sikuamua. Nilingoja nione."

"Na ikishuka, ulikuwa umeamua uuze ikifika vingapi?"

"Sikuamua."

"Basi ulikuwa unaamua ukiwa umesharuka," akasema Mama Tunu. "Mimi nakujua. Hapa umekaa una akili zako. Pua ikishapiga mluzi, hata jina langu hulijui."

Mama Tunu akaingia kulala. Asubuhi akamletea kapu dogo la mtama, lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya uji wa uzazi. Digidigi akarudi nyuma.

"Hili siwezi kulichukua."

"Utachukua vibaba vitatu tu kwa safari moja, si kapu. Na maneno tutayasema hapahapa, tukiwa tumekaa. Ukinunua kwa vitatu, ikifika vitano, unauza. Ikishuka viwili, unauza. Huko sokoni usiamue neno jipya. Unasikia?"

"Nasikia. Lakini nikiogopa?"

"Ogopa. Nani amekukataza kuogopa?"

Digidigi akaenda. Akanunua kwa vitatu. Hondohondo akasema, "Vibaba viwili!" Moyo ukamwambia, subiri, itarudi. Akauma ulimi, akauza. Punde si punde, "Vibaba vitano!" Digidigi akajishika kichwa. Kumbe angesubiri! Miguu ikataka kurudi ikanunue tena, kwa hasira, kwa pupa. Akaikaza ardhini, akatafuna nyasi hadi taya zikauma, akarudi nyumbani.

"Umeuza kwa viwili?" akauliza Mama Tunu.

"Nimeuza. Tumepata hasara. Kisha ikapanda hadi vitano."

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Tumepoteza!"

"Tumepoteza kidogo, na kapu bado lipo. Ulifanya tulivyosema."

"Sielewi," akasema Digidigi. "Nilipofanya vibaya, soko lilinipiga. Nimefanya vizuri, limenipiga. Sasa nitajuaje?"

Mama Tunu akalifunika kapu. "Hata mimi sijui," akasema. "Lakini leo umerudi na akili zako, na jana hukurudi nazo."

Safari ya pili, akanunua, ikapanda. "Vibaba vinne!" Ikapanda tena. "Vibaba vitano!" Digidigi akasimama. Fisi huyo, mbio, chumvi hadi kwenye kope.

"Usiuze, mdogo wangu! Misafara imepotea jangwani! Vibaba ishirini!"

Digidigi akatetemeka kuanzia pembe hadi kwato. Aliona maghala, aliona vifuniko vyake. Pua ikapiga mluzi, fiii! Lakini mikono ya mchuuzi ilikuwa tayari inapima mtama wake. Akauza.

Kesho yake bei ikafika sita. Fisi akamcheka hadi akajiviringisha. Digidigi aliona uchungu wa kweli, usidhani hakuona. Siku ya pili yake misafara ikatokea, bei ikaanguka hadi kimoja, na Fisi akabaki amekalia rundo la chumvi, analamba huku analia, na kadiri alivyolamba ndivyo kiu ilivyozidi.

Hivyo ndivyo Digidigi alivyoendelea. Safari nyingine alipata, nyingine alikosa, nyingine alikwenda akatazama tu akarudi, maana walichokubaliana nyumbani hakikutokea. Ghala halikujaa, nisiwadanganye. Lakini lilipanda kidogo kidogo, na kiangazi kilipokaza, Mama Tunu akajifungua salama, dume, mwenye pua isiyotulia kama ya babaye. Uji ulikuwapo. Na chumvi ya kutia ilikuwapo.

Siku moja Mama Tunu, mtoto akinyonya, alimwuliza mumewe, "Siku hizi moyo umetulia ukiwa sokoni?"

"Haujatulia hata kidogo," akasema Digidigi. "Unadunda vilevile. Mpaka leo sijui kwa nini bei inapanda wala kwa nini inashuka."

"Sasa umebadilika nini?"

Digidigi akampangusa mtoto pua. "Zamani moyo ukidunda nilikuwa nauza. Siku hizi ukidunda, nauacha udunde."

Basi, wanangu, ngano imeshuka mzigo. Mafunzo yake ni haya: soko halikujui, halikupendi wala halikuchukii, wala halina deni nawe. Usilipelekee hasira zako wala ndoto zako. Amua ukiwa umetulia, na ukishatishika, shika ulichoamua. Na chakula cha nyumba usikiguse kwa siri.

Msiniulize kesho chumvi itakuwa bei gani. Ningelijua hilo, ningekuwa hapa nawasimulia ninyi bila hata kipande cha muhogo? Nimekiacha kinywa wazi, atakayekifunga ni mwenye chai.