Jina la Utepe wa Kazija

Hapo zamani, mwambani chini ya maji ya chumvi, aliishi koa mmoja, jina lake Kazija. Koa wa baharini ni konokono aliyetupa nyumba yake, akabaki na mwili laini na rangi. Kazija alikuwa buluu mwenye mistari ya manjano, na dada yake Mize vilevile, wamevaa sare kama waendao harusini. Rangi hizo hazikuwa za mapambo. Zilisema: ukinila utajuta.

Na kweli mlaji angejuta. Chakula chao kilikuwa Upupu wa baharini, anayeota mwambani kama kichaka na kumchoma kila amgusaye. Wao walimtafuna taratibu, ukali wake usilipuke, wakauhifadhi kwenye vishada vya mgongoni.

Siku moja Kazija akataga utepe wa mayai. Koa kila mmoja ni baba na ni mama, kwa hiyo hakuna wa kusingiziwa. Desturi yao, watoto wa utepe mmoja hupewa jina moja, la yule aliyewaokoa.

Akaja samaki Changu, mgeni, rangi hazijui. Akaukodolea macho utepe. Mize akajikokota, akakaa mbele yake. Changu akamdaka. Mdomo ukawaka moto, akamtema, akakimbia. Mize akabaki na upara mgongoni.

Kesho yake Mize yuko ndani ya ufa wa mwamba anajiuguza, Kazija kaenda kula. Changu akarudi na njaa yake. Karibu na mayai alikuwapo jirani tu, Zuwena, mnyoo bapa kama chapati, aliyeiga sare yao bila kualikwa. Sumu hana hata tone, na Kazija alimsengenya kila siku. Zuwena akajitandaza juu ya mayai, akatulia. Changu akaona mistari, akakumbuka mdomo wake, akageuka.

Kazija aliporudi akakuta mayai yote salama, roho yake kwatu. Ndipo maneno yakaanza.

"Jina ni langu," akasema Upupu. "Ukali ni wangu. Bila mimi nyinyi ni kitoweo."

"Ulitupatia, au tulikuibia?" akauliza Mize. "Aliyetafunwa ni mimi. Changu amejifunzia mgongoni kwangu."

"Wewe dada ulijua atakutema," akasema Zuwena. "Mimi nilijua akiuma, anameza. Na nikakaa."

"Umekaa na nguo ya wizi," akasema Mize.

"Wenye moto wa wizi wasinisimange."

Kazija akawatazama: aliye chakula chake, aliyezaliwa naye, na jirani aliyekuwa akisengenywa naye. Utepe umeanza kutikisika, watoto wanataka kutoka, na jina ni moja tu.

Haya, nyinyi mliokaa kimya kama hamna midomo: watoto wa Kazija waitwe kwa jina la nani?