Safu Moja ya Bwana Shemweta

Bwana Shemweta, mwenye kiwanja cha gulio, aliwatoza wafinyanzi ushuru wa vyungu. Alivipanga mwenyewe kwa safu zinazolingana, kisha akachukua safu moja. Daima alipanga safu mbili, akaondoka na nusu.

Siku moja mfinyanzi aitwaye Mwanamvua alishusha pale vyungu ishirini na vinne. Alipomwona Shemweta akija, alijikwaa, chungu kimoja kikapasuka.

"Pole, mama," Shemweta alisema huku akicheka.

"Nishapoa, mkubwa. Sharti ni lilelile? Safu zilingane, na chungu kisibaki nje?"

"Lilelile."

"Usije ukaviita vyote safu moja, ukabeba!"

"Mimi si mnyang'anyi! Safu ni mbili au zaidi, na watu wote hawa ni mashahidi."

Akapanga safu mbili, kikabaki kimoja. Akapanga tatu, vikabaki viwili. Akajaribu nne, tano, sita, akaendelea mpaka jasho likamtiririka na gulio zima likawa linamtazama.

"Hivi havipangiki!" alifoka.

"Vinapangika, mkubwa," Mwanamvua alisema kwa upole. "Panga safu ishirini na tatu, kila safu chungu kimoja. Kisha chukua safu yako."

Shemweta akaokota chungu chake kimoja, akamgeukia kwa hasira jirani wa Mwanamvua, aliyeleta vyungu ishirini. Yule mama akamwamkia vizuri, akainua mguu, akakipiga kimoja teke.