Goti la Bibi Namsifu

Njia ya mlima hupimwa kwa goti la bibi. Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi Mbazi, alipowaambia mzing'oe ngazi mlizozipanga tangu asubuhi, nanyi mkanuna kama mliofiwa. Mmoja wenu akaja kuniuliza hilo goti ni la bibi gani, na kwa nini awasumbue watu waliojitolea jasho lao bure. Swali zuri, ingawa aliliuliza huku amevuta mdomo. Basi wekeni hayo mawe chini, kaeni mpumue. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Upare, kwenye njia hii hii inayotoka kwetu Kwamrindi kushuka bondeni Kwasembe, na ilianza hivi.

Zamani njia hii haikuwa na ngazi. Ilikuwa ya udongo, imechorwa na miguu ya ng'ombe na ya akina mama waendao sokoni, ikipinda huku na huku kama mtu asiye na haraka. Mwaka mmoja masika yaliipiga vibaya. Maji yaliikata sehemu nyingi, na waliotaka kushuka walishuka kwa kuteleza na kumwomba Mungu.

Wakati huo kiongozi wa msaragambo alikuwa Sefiel Mrutu. Msaragambo mnaujua: mbiu ikilia kila nyumba hutoa mtu na jembe, na malipo ni sahani ya makande. Sefiel alikuwa mrefu, miguu tu, watu wakamwita Twiga naye akaitika. Alisimama mkutanoni akasema, "Tuachane na njia ya kuzunguka. Tujenge ngazi za mawe, zipande moja kwa moja. Sitaki mama yangu ateleze tena."

Watu walicheka, kwa sababu kila mtu alijua jinsi alivyompenda mama yake. Naye Namsifu alikuwa mama wa kupendwa. Kila siku ya soko alijitwika kikapu cha tangawizi na magimbi, akashuka hadi kijito kilichoko katikati ya mlima. Hapo alimkuta dada yake, Nakunda, aliyeolewa bondeni naye amepanda kutoka kwao. Wakaketi, wakala walichobeba, wakasengenya walimwengu mpaka jua likageuka. Walikuwa wamebaki wawili tu wa tumbo moja.

Basi kazi ikaanza, kutoka kijijini hadi kwenye kijito, maana chini ya hapo mlima si mkali. Wanaume walivunja mawe kwa nyundo na mitaimbo, wanawake wakabeba mchanga, na nyimbo zikasikika hadi bondeni. Kila ngazi ilipokaa, Sefiel aliikanyaga mwenyewe. Mguu wake ukipanda vizuri, alisema, "Hii imekubali," wakaenda kwenye nyingine. Ndiyo ilikuwa desturi yake ya kupima, na hakuna aliyeona kasoro. Waliokuwa kazini walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu, na miguu yao yote ilikubali.

Siku ya kumaliza, vijana walipanda wakikimbia na kushuka wakirukaruka. Sefiel alimwita mama yake awe wa kwanza kushuka kwa heshima. Namsifu alikuja mpaka juu ya ngazi, akatazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu. Kazi nzuri mno. Ila leo nimeacha makande jikoni." Akarudi nyumbani.

Siku ya soko iliyofuata hakushuka, na iliyofuata tena hakushuka. Tangawizi alimpa jirani ampelekee sokoni. Sefiel akimuuliza, siku moja mgongo, siku nyingine kuku anaatamia. Halafu salamu zikaja kutoka bondeni. Nakunda alisema, "Mwambieni mdogo wangu, kama nimemkosea, aje anitukane uso kwa uso. Asininyamazie." Namsifu alizipokea salamu hizo, akaenda kupepeta maharage ambayo alikuwa ameshayapepeta.

Jambo hilo lilimuuma Sefiel kuliko alivyoonyesha. Nyumba zote zilimsifu kwa njia ile, isipokuwa aliyemjengea. Alidhani mama ameidharau kazi yake, au dada hao wamekosana kwa neno ambalo hakuambiwa.

Asubuhi moja ya siku ya soko, watu wakiwa wameshashuka wote, Sefiel alikwenda kung'oa nyasi zilizoanza kuota kati ya mawe. Alipofika pale juu zinapoanzia ngazi alisimama ghafla. Mama yake alikuwa kwenye ngazi, ameketi. Alisukuma kikapu kwenye ngazi ya chini, akashika kitenge chake, akajivuta kwa makalio kama mtoto anayejifunza kushuka kitandani. Kisha akasukuma kikapu tena. Baada ya ngazi chache alikoma, akalikamata goti kwa mikono miwili. Alitazama kule chini kwenye kijito, kisha akageuka aanze kurudi juu kwa mikono na magoti. Hapo ndipo alipomwona mwanawe.

"Mama," Sefiel alisema, akimshukia haraka. "Unafanya nini hapo?"

"Napumzika tu, baba."

"Umepumzika tangu tulipomaliza njia?"

Namsifu alijaribu kucheka. "Ngazi zako hazina ubaya. Ubaya uko kwenye goti. Linakunja mpaka mahali fulani, halafu linakataa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kijiji kizima kinakusifu, umechubuka mikono kwa ajili yangu, halafu mimi nije kusema sizipandi? Nilisema moyoni goti litazoea. Najaribu kila siku ya soko mkishaondoka. Halikuzoea."

Sefiel aliketi kwenye ngazi iliyo chini ya mama yake. "Na mama mkubwa?"

Swali hilo ndilo lililomtoa machozi. "Ananingoja kwenye kijito, anadhani nimemsusa. Macho yake yanafifia, Sefiel. Mara ya mwisho aliniambia ananiona kama aliye kwenye moshi. Nataka aniangalie uso wakati bado anaona. Nikichelewa, nitamkuta ameshika fimbo, ananiuliza mimi ni nani."

Sefiel alichuchumaa akamgeuzia mgongo. "Panda, mama. Nakubeba sasa hivi."

"Sipandi."

"Mama!"

"Leo utanibeba. Siku nyingine nikimtamani dada yangu nianze kukutafuta shambani? Mimi si gunia la tangawizi. Nataka kwenda kwa miguu yangu, nirudi nikichoka. Na tena, unadhani ni wewe peke yako mwenye mama?"

Sefiel alikata fimbo kichakani, akaisimamisha mbele yake. "Inua mguu, mama. Usijitese. Inua mpaka goti linapokubali tu." Namsifu aliinua. Haikuwa juu sana, kwa kweli ilikuwa nusu ya ngazi. Sefiel aliikata fimbo pale pale, akamrudisha mama yake nyumbani taratibu, na kesho yake akapiga mbiu.

Watu walipokusanyika aliwaambia wazi: ngazi zinavunjwa. Kelele zilizopigwa hapo mnaweza kuzikisia, maana ni kama zenu za leo. Eliamani, aliyevunja mawe mengi kuliko wote, alisimama na nyundo begani. "Tumepinda migongo, Twiga. Mama yako tunamheshimu, lakini tubomoe kazi ya kijiji kwa ajili ya goti la mtu mmoja?"

Kabla Sefiel hajafungua kinywa, bibi mmoja alijitokeza kutoka kwa wanawake waliokuwa wakipika. Alishika fimbo, akapandisha kitenge kidogo, akainua mguu. Ukaishia pale pale ulipoishia wa Namsifu. Akaja wa pili, ukafika chini zaidi. Mabibi wa Kwamrindi walipanga mstari, wengine wakicheka, wengine wakikwepa kumtazama mtu, kila mmoja akainua mguu mbele ya fimbo ile. Katikati ya mstari alikuwa Bibi Naetwe, mama yake Eliamani.

"Mama, na wewe?" Eliamani aliuliza.

"Ulidhani nimeacha kwenda sokoni kwa uvivu?" alisema Bibi Naetwe. "Uliniambia mwenyewe nimekuwa mvivu, nikakubali. Afadhali uvivu kuliko kukuharibia furaha."

Eliamani aliishusha nyundo. Alimtazama mama yake, akatazama ngazi, kisha akatangulia kwenda kung'oa ile ya kwanza bila kumwambia mtu. Wengine wakamfuata.

Safari hii njia ilipinda tena kama ile ya zamani, na mawe yakawa mafupi, na kwenye kila kona pakawekwa jiwe pana la kuketi. Kazi ilichukua muda mara mbili, makande yakapikwa mara mbili. Kila siku bibi mmoja alifika kuinua mguu, na hakuna jiwe lililoachwa mpaka aseme limekubali. Vijana wageni kazini walipouliza wapime vipi, Sefiel aliwajibu jibu lile lile, "Kwa goti la bibi," mpaka watu wakaanza kulisema kabla yake.

Siku ya soko iliyofuata kumalizika kwa kazi, Namsifu alijitwika kikapu chake akashuka. Sefiel alimfuata nyuma. Miguu yake mirefu ilihangaika kwenye ngazi zile fupi, akajikwaa mara kwa mara, mama akawa anamwambia, "Pole pole, baba, mlima hauhami." Namsifu alipumzika kwenye kila jiwe pana, hata pale ambapo hakuchoka, kwa sababu lilikuwa limewekwa kwa ajili yake.

Kwenye kijito Nakunda alikuwa ameketi, fimbo magotini. Alisikia hatua akainua kichwa, lakini hakusema jina la mtu. Namsifu alitua kikapu. Alipiga magoti mbele ya dada yake, lile goti bovu na lile zima, bila kujali maji.

"Shikamoo, dada."

Nakunda alinyoosha mikono, akaushika uso wa mdogo wake kwa viganja viwili, akausogeza karibu mpaka paji likagusana na paji. Akamtazama kwa muda mrefu, akimgeuza kidogo kwenye mwanga, huku na huku.

"Marahaba. Umezeeka, mdogo wangu," alisema.

"Umeona?" Namsifu aliuliza, analia na kucheka.

"Nimeona. Na hapa kwenye shavu una majivu. Umepika nini?"

Sefiel alirudi nyuma hatua chache, akawapa mgongo ili naye alie kwa nafasi. Masika yaliyofuata macho ya Nakunda yalizimika kabisa. Lakini kila siku ya soko mdogo wake alishuka kwa miguu yake mwenyewe, na Nakunda hakuhitaji kuuliza ni nani, maana uso ule alikuwa ameshauweka moyoni.

Haya, mmepumua vya kutosha. Ngazi zenu ni nzuri, hakuna anayezitukana, ila mmezipimia miguu yenu wenyewe. Wewe uliyeniuliza, nyumbani kwenu si yuko bibi? Kamwite, umshike mkono mje pole pole. Akiinua mguu mtazame unapoishia, ndipo muanze tena. Njia ya mlima hupimwa kwa goti la bibi.