Shibiri Kumi za Sifaeli

Mtu mmoja alikuwa na gari kichwani mwake, gari ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulitengeneza. Jina lake Sifaeli, fundi wa bodi. Kwa miaka thelathini alinyoosha magari ya watu yaliyobondeka, akiyarudishia sura zilizochorwa na watu asiowajua. Hakulalamika, kwa sababu kazi hiyo ilimlisha. Ila alitamani, kabla hajaiweka nyundo chini, atengeneze moja lenye sura iliyotoka kwake: gari la kukimbia, fupi, la chini, la watu wawili.

Alianzia uani kwake, nyuma ya jiko. Kwanza alimwaga sakafu ya zege ili gari lisimame mahali palipo sawa. Zege likiwa bado bichi, akakandamiza mkono wake wa kulia pembeni, vidole vimetanuliwa, kama wafanyavyo mafundi wanaotaka kazi iwakumbuke. Injini aliitoa kwenye pikapu iliyopinduka mlimani. Bati alilipata kwa kupasua mapipa na kuyafua juu ya mfuko wa mchanga mpaka yakakubali kupinda. Majirani walichungulia uani wakicheka.

"Fundi, hilo la kukalia au la kulalia?"

"La kuwakimbia nyinyi," alijibu, naye akacheka.

Vipimo vyote alivichukua kwa shibiri, toka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kama baba yake alivyopima mapaa ya nyumba. Futi alikuwa nayo, lakini aliiacha msumarini. Alisema futi hupotea na kula kutu, ila mkono haujawahi kusahaulika nyumbani.

Hakuwa peke yake. Jirani yake Mrutu, fundi wa kuchomelea, alikuja kila Jumamosi bila kuitwa. Sifaeli alipima na kuchora alama kwa chaki, Mrutu akachomelea pale pale palipochorwa. Miaka saba walikula makande sahani moja.

Mwaka wa nne chuma kiliteleza kikakiangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Sifaeli. Kidole kiliunga, lakini kikabaki kimepinda. Kilipoacha kuuma, akakisahau. Upande wa kushoto wa gari ulikuwa umekwisha, akahamia wa kulia. Toka gurudumu la nyuma hadi la mbele alipima shibiri kumi, kama kushoto.

Siku ya kulijaribu walilisukuma hadi uwanja wa mnada, na watu wakajaa. Liliwaka, likanguruma, likaondoka vizuri mno hata wanawake wakapiga vigelegele. Kisha likaanza kuvuta kulia. Sifaeli aliunyoosha usukani, nalo likavuta tena, mpaka likajikita kwenye ua wa minyaa. Gari la namna hiyo barabarani lingemtupa mbele ya malori.

Alishuka, akainama, akatazama gurudumu la kulia. Chini yake aliona mshono wa Mrutu.

"Umeniharibia miaka saba," alisema, na watu wote wakasikia.

Mrutu aliokota kinyago chake cha kuchomelea akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja pia. Gari lilikaa juu ya zege limefunikwa turubai, na Sifaeli akala makande peke yake, na hayakuwa na ladha.

Tusiharakishe kumlaumu. Yeye alijua alichopima, na mkono wake haukuwa umemdanganya hata siku moja.

Ni mkewe, Mama Nakijwa, aliyekuwa ameketi uani akichagua mchele, aliyetazama alama ile ya mkono pembeni ya zege, kisha akautazama mkono wa mumewe ulioshika kikombe.

"Baba Nakijwa," alisema, "hebu uweke mkono wako hapa."

Alipiga magoti, akaulaza kwenye alama yake mwenyewe. Dole gumba lilikaa mahali pake. Kidole cha mwisho hakikufika. Mama Nakijwa alichukua punje moja ya mchele akailaza kwa ubavu katika pengo lile, nayo ikaenea kabisa.

Sifaeli aliitazama punje. Punje moja kila shibiri: kwa shibiri kumi upande wa kulia ulipungua punje kumi, upana wa dole gumba. Aliona haya. Kisha akainuka akaenda kwa Mrutu, akasimama mlangoni, akaunyoosha mkono wake wenye kidole kilichopinda. Mrutu aliushika, akaugeuza, akauelewa. Akaingia ndani kuchukua kinyago chake, na njiani Sifaeli akapita kuitoa futi msumarini.

Kurekebisha kulichukua siku mbili tu. Jumamosi ya tatu gari lilikwenda uwanjani limenyooka kama uzi, na kwenye kiti cha pili aliketi Mrutu, amekumbatia sufuria ya makande aliyopewa na Mama Nakijwa.

Nanyi mnaowapima wenzenu kila siku kwa mkono mliouzoea, ni lini mara ya mwisho mliurudisha kwenye alama yake?