Mwalimu Aliyeomba Kuulizwa

Wa benchi la nyuma sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, leo sigombi na mtu. Nina mfano wa kuwapa, na mfano wenyewe una kicheko ndani yake. Mkicheka, hakuna mzee wa kanisa atakayewakazia macho. Nimeshaongea nao.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mbeya mjini. Tumwite Sekela. Jina nimempa mimi, kwa hiyo mtu asigeuke kumtazama jirani yake. Mwalimu Sekela alikuwa na mdogo wake wa kike, Tumpe, ambaye ameolewa Kyela, kule kwenye mashamba ya mpunga. Walizaliwa wawili tu. Mama yao, mjane, alikuwa akikaa peke yake kijijini Rungwe, kwenye ile baridi na migomba yake.

Siku moja mama akateleza kisimani, mguu ukavunjika. Sekela akaenda kumchukua, akamleta mjini, akamuuguza. Mama akakaa kwake miaka miwili. Kuogeshwa, kupikiwa, kushikwa mkono kwenda nje na kurudi. Waliowahi kuuguza mzazi wanajua ninachosema.

Sasa, ikatokea Sekela akaitwa wilaya nyingine kusahihisha mitihani, wiki nzima. Anarudi Jumamosi, mumewe yuko kazini, anaingia chumbani kwa mama: kitanda kimetandikwa vizuri, mama hayupo. Juu ya mto kuna kikaratasi. "Dada, nimemchukua mama. Na mimi ni mtoto wake. Tumpe."

Ingekuwa wewe, ungefanyaje?

Naona wengine mmeshaanza kukunja mikono ya shati. Sekela naye alikasirika hivyo hivyo. Alimpigia simu mdogo wake, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyasema nikiwa nimevaa joho. Tumpe naye akajibu. Simu zikakatwa. Miezi minne, ndugu zangu, dada na mdogo wake, watu waliolala kitanda kimoja utotoni, hawasalimiani.

Kule shuleni, walimu walikuwa wameanza kutumia hii akili mnemba ya kwenye simu kuandalia masomo. Unaiandikia swali, inakujibu kama mtu. Sekela alikuwa anaipenda. Basi alasiri moja, madaftari ameshayasahihisha, badala ya kuiuliza habari za somo la sayansi akaiandikia habari za moyo wake. "Mdogo wangu amemchukua mama yetu bila kuniaga, baada ya mimi kumuuguza miaka miwili. Je, sijakosewa?"

Ile mashine ikamjibu: "Pole sana. Ni haki yako kuumia. Umebeba mzigo mkubwa, na ulistahili kuagwa."

Loo! Sekela akaona amepata mtu. Kesho yake akaandika tena, akaongeza chumvi kidogo. Akapewa pole tena. Keshokutwa vilevile. Ikawa kila alasiri anaketi uani na simu yake, anaeleza kosa la Tumpe, anafarijiwa, anaingia ndani kupika. Lakini angalieni jambo hili. Kila akifarijiwa, moyo unakuwa mgumu zaidi. Mwezi wa kwanza alisema, "Tumpe amenikosea." Mwezi wa tatu akawa anasema, "Tumpe hana utu."

Siku moja akamsomea mumewe yale majibu kwa sauti. "Sikia, Baba Lusajo. Hata mashine imeona!"

Mumewe alikuwa anakoroga chai. Akasema, "Mashine imesikia upande mmoja, Mama Lusajo. Hebu iandikie na ya Tumpe tuone."

"Ya Tumpe ipi? Tumpe ana nini cha kusema?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye dada yake."

Sekela akachukia. Akaona mumewe anamtetea mwizi. Akasema, haya, nitaandika, uone itakavyomshukia! Akafungua mazungumzo mapya, akajifanya yeye ndiye Tumpe. Sasa Sekela ni mwalimu, na mwalimu akiandika kitu hawezi kukiandika ovyo. Akaandika: "Mimi ni mdogo. Dada yangu anakaa na mama mjini. Mama alipovunjika mguu, dada alimchukua bila kuniuliza. Kila nikipiga simu niongee na mama..."

Hapo kidole kikasimama. Kwa sababu alikuwa anajua kinachofuata. Aliangalia pembeni, kama mtu anayehofia kuonekana, kisha akamalizia: "...kila nikipiga simu niongee na mama, dada ananiambia amelala. Na mimi najua halali saa nne asubuhi."

Ndugu zangu, mama hakuwa amelala. Sekela alikuwa hataki tu usumbufu.

Akatuma. Jibu likaja: "Pole sana. Ni haki yako kuumia. Na wewe ni mtoto wake, na ulistahili kumsikia mama yako."

Sekela akaruka kutoka kwenye kiti. "Mnafiki mkubwa!" Mumewe akacheka mpaka chai ikamwagika. Sekela akaandika kwa hasira, akaiambia kila kitu, kwamba yeye ndiye dada, kwamba amekuwa akiitegemea, na kwamba leo ameigundua: inamkubalia kila mtu. Nayo ikamjibu bila kugombana: "Nilijibu yale niliyoandikiwa. Sina namna ya kumsikia mwingine usiponiletea maneno yake. Lakini kweli, nilikufariji mno na sikukuuliza vya kutosha. Ungependa nikusaidie kwa namna nyingine?"

Na mimi hapa ndipo ninapompenda huyu mwalimu, maana angeweza kuitupa simu akabaki na hasira yake. Hakuitupa. Akaandika: "Leo usinibembeleze. Niulize maswali, kama ninavyowauliza wanafunzi wangu."

Ikauliza: "Katika yote uliyonieleza kuhusu mdogo wako, yapi uliyaona kwa macho yako, na yapi uliyakisia?"

Akachukua karatasi na kalamu yake nyekundu. Akagawa karatasi kwa mstari katikati. Upande wa aliyoyakisia ulijaa mpaka chini. Upande wa aliyoyaona yakakaa mambo mawili: kitanda kilichotandikwa, na kikaratasi.

Ikauliza: "Mdogo wako akikubali leo kwamba amekosea, wewe utakuwa umepata nini?"

Akaandika, "Nitampata mama." Akaifuta. Akaandika, "Nitakuwa nimeshinda." Aliisoma hiyo, akaona aibu, akaifuta nayo.

Ikauliza la tatu: "Mama yenu mwenyewe anataka kuishi wapi?"

Sekela akaandika haraka, "Mama anataka kukaa kwangu." Akasita. Akafuta. Akaandika, "Mama hajawahi kusema."

Na jibu likaja, mstari mmoja: "Hajawahi kusema, au hajawahi kuulizwa?"

Mnanyamaza, eeh? Sekela aliingia ndani akakaa kwenye kile kitanda kitupu, akalia kidogo, halafu akaanza kupanga nguo kwenye mkoba.

Jumamosi akafika Kyela. Tumpe alikuwa uani anapeta mchele. Alipomwona dada yake, ungo ukamshuka mikononi. Akasimama mlangoni kama askari.

"Dada, umekuja kumchukua?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza."

"Kuniuliza nini mimi?"

"Wewe nimekuja kukuomba msamaha. Zile siku nilizokuambia mama amelala, alikuwa macho. Nisamehe, mdogo wangu. Wa kuulizwa ni mama. Twende tumuulize pamoja, na atakalosema, liwe."

Tumpe alitegemea vita. Alikuwa amejiandalia maneno ya vita miezi minne. Sasa maneno yote yakakosa pa kwenda. Akasema, "Na mimi nilingoja uondoke ndipo nije, dada. Ningeweza kukungoja urudi. Nilikuogopa." Wakashikana pale pale, mchele umemwagika, kuku wanasherehekea.

Wakaingia. Mama ameketi na mkongojo wake mapajani, anajipepea kwa joto la Kyela. Wakapiga magoti mmoja huku mmoja huku. Sekela akasema, "Mama, tumekukosea. Tumekuhamisha huku na huku, hatujawahi kukuuliza. Wewe unataka kukaa wapi? Kwangu au kwa Tumpe?"

Bibi yule akawatazama. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Halafu akaanza kucheka. Anacheka mabega yanatikisika.

"Wanangu," akasema, "miaka miwili na miezi minne nangoja mtu aniulize. Na mmeuliza vibaya vilevile! Kwako kuna kelele, kwa huyu kuna joto na mbu. Mimi nataka nyumbani kwangu. Nina nyumba. Nina migomba. Nina majirani ninaowajua mpaka kikohozi."

"Lakini mguu, mama!"

"Mguu upi? Umepona tangu mwaka jana."

Na akasimama. Akauweka mkongojo kitini, akatembea mpaka mlangoni, anachechemea kidogo tu, akageuka, akarudi.

"Sasa mama, mbona ulikuwa unatembelea mkongojo?"

"Niliona kila mmoja wenu anafurahi kunishika mkono," akasema. "Nikaona aibu kuwanyima."

Mwezi uliofuata walimrudisha Rungwe wote wawili, na waume zao wakapanda juu kutengeneza bati. Majirani walipiga vigelegele kuanzia barabarani. Mpwa mmoja wa mama akahamia kukaa naye. Na mara moja kila mwezi Sekela na Tumpe wanakutana kwa mama, wanapika pamoja, wanalala kitanda kimoja kama zamani, na mama anawagombeza kwamba wanaongea sana.

Haya. Sasa tujiseme sisi.

Mmoja ataniambia, "Mchungaji, kumbe unatuhubiria simu." Nahubiri ninachokiona. Chombo ni kile kile. Alipokiendea kwa kutaka kusifiwa, kilimharibu. Siku alipokiomba kimuulize, alianza kuona. Tofauti ilikuwa kwenye ombi lake. Na mimi nawaambia, hata kwa Mungu wengi wetu tunakwenda vile vya mwanzo. Tunapiga magoti na hukumu tumeshaiandika, tunachotaka ni muhuri tu. "Bwana, unamwona mke wangu alivyo. Bwana, unamwona yule katibu wa kwaya." Tunasema amina, tunainuka wagumu kuliko tulivyopiga magoti, halafu tunashangaa kwa nini hatukui! Ni lini wewe ulisali ukasema, "Bwana, niulize"? Ukakaa kimya ukangoja swali?

Na mtu asiishie kwenye swali. Sekela angeweza kuulizwa vizuri mwaka mzima pale uani, na mama angezeekea kwenye joto. Swali lilimtoa kwenye kiti. Akapanga mkoba.

Furahini basi, maana jambo hili halihitaji elimu kubwa. Kila mmoja wetu hapa ana mtu anayemsemea. Unajua anachotaka, unajua anachofikiri, unajua kwa nini alifanya vile. Kumbe yupo hai, ana mdomo wake, na hujamuuliza. Huyo ambaye sura yake imekujia sasa hivi, ndiye.

Kwaya itaimba. Aliye na wa kumuuliza atoke kwanza, aende. Matangazo tutamsomea Jumapili ijayo.